Watoto Ambao Hakuna Aliyewataja

Mtoto wa darasa la pili anawekewa karatasi yenye michoro. Maumbo na mistari vimepangwa kwa utaratibu fulani, na nafasi moja imeachwa wazi. Kazi yake ni kuchagua umbo linalofaa kukaa pale. Hakuna hadithi ya kusoma wala msamiati wa kukumbuka. Jaribio hilo lisilotegemea maneno lilibuniwa na mwanasaikolojia Jack Naglieri, na mwaka 2005 shule za kaunti ya Broward, kaskazini mwa Miami katika jimbo la Florida, zilianza kuwapa watoto wote wa darasa hilo, wa daktari kwa wa mfagiaji.

Hapo kabla, Broward ilifanya kama zinavyofanya shule nyingi za Marekani: ilisubiri mtoto atajwe. Mwalimu aliyemwona mwanafunzi mwepesi wa kuelewa alimpendekeza, au mzazi aliomba mwanawe apimwe. Ndipo mwanasaikolojia wa shule alipokaa na mtoto ana kwa ana kumpima akili. Katika kipimo hicho wastani ni 100, na aliyefikisha 130 aliruhusiwa kuingia katika mpango wa wenye vipaji. Kwa watoto wa familia maskini na kwa wale waliokuwa bado wanajifunza Kiingereza, kiwango kilishushwa hadi 116. Kwa maandishi, mlango ulikuwa umepanuliwa. Hata hivyo watoto weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao kwa pamoja walizidi nusu ya wanafunzi, walikuwa asilimia 28 tu ya watoto wa darasa la tatu waliotambuliwa kuwa na vipaji.

Wanauchumi wawili, Laura Giuliano na David Card, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, walizichambua kumbukumbu za shule hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2016. Baada ya watoto wote kuanza kupitishwa kwenye jaribio la michoro, na waliofanya vizuri kupelekwa kwa mwanasaikolojia, kati ya watoto wote wenye asili ya Amerika ya Kilatini, waliotambuliwa walipanda kutoka asilimia 2 hadi 6. Weusi walitoka asilimia 1 hadi 3, na weupe kutoka 6 hadi 8. Alama za kuingilia hazikupunguzwa hata moja.

Watoto hao hawakuhamia kutoka kwingine. Walikuwa wamekaa kwenye madawati yale yale, mbele ya walimu wale wale.

Mwalimu anaweza kupitwa na kipaji bila nia mbaya yoyote. Mwenye darasa lililojaa huvutwa na mtoto anayenyoosha mkono, anayeandika kwa mwandiko safi na kumaliza zoezi mapema. Anayetazama dirishani kwa sababu amechoshwa na somo huonekana mtundu, na anayesitasita katika Kiingereza huonekana mzito. Card na Giuliano waligundua kwamba hata wasichana walikuwa wakitajwa pungufu ya walivyostahili. Mwaka huo huo wa 2016, Jason Grissom na Christopher Redding walichapisha utafiti uliotumia takwimu za taifa zima la Marekani: mwanafunzi mweusi aliyefundishwa na mwalimu mweusi alikuwa na nafasi takribani mara tatu ya kuwekwa katika mpango wa wenye vipaji kuliko aliyefundishwa na mwalimu asiye mweusi.

Kwa upande wa wazazi, aliyeujua utaratibu na mwenye uwezo wa kifedha angeweza kumlipa mwanasaikolojia wa nje ampime mwanawe.

Lakini kumpima kila mtoto hakumalizi matatizo, kwa kuwa kipimo chenyewe nacho huteleza. Alfred Binet na Théodore Simon walipotunga chao mjini Paris mwaka 1905, walikuwa wakitafuta watoto waliohitaji msaada zaidi darasani, wala si vipaji. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford ndiye aliyekigeuza. Kuanzia mwaka 1921 alikusanya watoto zaidi ya 1,500 wenye alama za juu, wengi wao wa California, ili afuatilie maisha yao yote. Miongoni mwa waliopimwa wakaachwa kwa kutofikisha alama walikuwamo William Shockley na Luis Alvarez. Wote wawili walikuja kupata Nobel ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine mwaka 1968.

Karibu na Bagamoyo, watafiti wakiwamo Robert Sternberg na Elena Grigorenko walijaribu njia nyingine, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Waliwapima wanafunzi wa shule za msingi, wakawafundisha kwa muda usiofika saa moja mbinu za kukabili maswali ya aina ile, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na mpangilio wa watoto nao ukabadilika: aliyeongoza mara ya kwanza si lazima awe aliongoza mara ya pili. Kipimo cha mara moja kilikuwa kimeonyesha zaidi nani amezoea maswali ya namna ile. Hilo linaigusa Tanzania yenyewe, ambako shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala hupokea wanafunzi waliofaulu zaidi mtihani wa darasa la saba, yaani waliofundishwa vizuri pamoja na wenye kipaji, bila njia ya kuwatenganisha.

Broward ilikuwa na dawa iliyofanya kazi, ila dawa hiyo ilikuwa na bei. Kila mtoto aliyefaulu jaribio la michoro alihitaji kukaa na mwanasaikolojia, na wanasaikolojia walilipwa kwa saa za ziada. Mdororo wa uchumi ulipobana bajeti, mwaka 2010 upimaji wa watoto wote ulisitishwa. Kazi ya kutaja majina ikarudi kwa walimu na wazazi, na pengo likarudi kuwa kubwa kama lilivyokuwa awali.