Kulala Ujiji au Kigoma
Msafiri anayevuka mpaka kutoka Kabonga, nchini Burundi, kwenda kuuona kwa siku mbili mji wa Ujiji, uliokuwa kituo kikuu cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, hana budi kuchagua kati ya kulala huko huko na kulala Kigoma, kilomita chache tu kutoka hapo. Kigoma, inakokomea reli ya kati itokayo Dar es Salaam, ina bandari na hoteli nyingi zaidi, hivyo humfaa anayesafiri alfajiri. Hata hivyo, mji wa kale haujulikani kwa makumbusho pekee, bali pia kwa mazungumzo ya barazani baada ya magharibi. Kwa hiyo aliyekuja kwa ajili ya historia na alale gesti, yaani nyumba ndogo ya wageni, ya Ujiji, mradi ahakikishe kwanza kwamba ina maji na chandarua.