Ng'ombe wa Madoa Huungua Penye Weupe

Ng'ombe wa maziwa mwenye madoa meusi na meupe anaweza kushinda juani, kisha akaungua penye weupe tu. Ngozi ya doa jeupe huvimba, huwasha, hutoa majimaji, halafu hukauka na kubanduka kama gome la mti. Doa jeusi lililopakana nalo halina hata mkwaruzo. Pua na chuchu nazo huuma, na ndama akija kunyonya anaambulia teke. Mfugaji hushuku kupe, au dawa ya kuogeshea iliyokorogwa kali mno. Jua halishuku, maana ni lile lile la juzi na la mwaka jana.

Kilichobadilika kiko tumboni. Majani mabichi yana klorofili, ndiyo rangi yao ya kijani. Vijidudu vya tumbo la ng'ombe huivunjavunja na kutoa kemikali iitwayo filoerithrini, ambayo huingia kwenye damu. Mnyama mwenye afya haimdhuru: ini huidaka, huitia kwenye nyongo, nayo hutoka na kinyesi. Sasa chukulia kiangazi kimekausha nyasi, na ng'ombe mgeni wa malisho hayo akatafuna lantana, kile kichaka cha vijiua vya njano na waridi ambacho watu walikipanda kuwa wigo, kikaishia kuvamia mashamba. Sumu yake huumiza ini na kuzuia nyongo isitiririke. Filoerithrini inakosa pa kutokea, inazunguka na damu mpaka ngozini. Huko hunasa mwanga, na nguvu iliyonaswa huigeuza oksijeni ya kawaida kuwa kali, ikaanza kuharibu seli. Penye weusi, melanini huumeza mwanga mwingi kabla haujapenya.

Mgonjwa hasa ni ini, kwa hiyo kupaka ngozi mafuta na kumrudisha malishoni ni kazi bure. Mfunue midomo, umtazame ufizi na weupe wa macho. Ukiona umanjano, mfungie kivulini, mwondolee lantana, umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Binadamu naye yumo. Mwaka 1912 daktari Mjerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijidunga miligramu 200 za hematoporfirini, kemikali ya ukoo mmoja na filoerithrini. Alipotoka juani uso ulimvimba vibaya, na kwa zaidi ya miezi miwili jua likaendelea kumdhuru. Ulikuwa ujasiri wa kichaa, lakini ulionyesha kwamba mwanga usiomdhuru mtu leo unaweza kumuunguza kesho, ukikuta kitu cha kuunasa mwilini.

Sisi kitu hicho huwa tunakimeza wenyewe. Doksisiklini, ambayo wasafiri huitumia kujikinga na malaria, ni mojawapo. Vidonge vya presha vinavyoandikwa HCT ni vingine. Vitabu vingi vya tiba vilivyoandikwa Ulaya vinasema tafuta wekundu, ushauri usiosaidia sana kwenye ngozi nyeusi. Hapa tafuta mwasho, joto, na weusi uliozidi wenye mpaka: shingo imeungua hadi kwenye kola na kukoma hapo, mkono umeharibika lakini chini ya saa ni safi. Ukiona hivyo usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako. Rudi kwa daktari, zipo nyingine za kubadilishia.

Ndimu haihitaji hata kumezwa. Maji yake yakikaukia mkononi juani, kemikali zake hunasa miale ya urujuanimno, na baada ya siku moja au mbili hutokea malengelenge, kisha alama nyeusi zinazoweza kudumu miezi. Alama hufuata njia ya maji yaliyochuruzika, au umbo la vidole vya aliyemshika mtoto akiwa na mikono ya ndimu. Wapo wazazi waliodhaniwa wamempiga mtoto kwa sababu hiyo. Kunawa kwa sabuni kabla ya kutoka kunatosha.

Watu wengi huamini kioo kinakinga. Kioo cha kawaida huzuia sehemu ya urujuanimno inayobabua upesi, lakini hupitisha nyingi ya ile ya mawimbi marefu, ambayo ndiyo dawa nyingi hunasa. Dereva wa lori anayemeza HCT, mkono wake wa kulia ukiwa dirishani safari nzima, anaweza kuharibika mkono huo na wa kushoto ukabaki salama. Na asidanganywe na miwani inayojigeuza rangi. Lenzi zake zina kemikali zinazokolea zikipigwa na urujuanimno, na kioo cha mbele cha gari, chenye utando wa plastiki katikati, huzuia karibu miale yote hiyo. Hivyo miwani ikibaki myeupe garini imepima kioo cha mbele tu. Cha pembeni, kwenye magari mengi, hakina utando huo.