Bamba pekee halipozi kompyuta

UPEPO wa kaskazi unapofifia mwezi Machi, joto la mchana katika visiwa vya Lamu hupita nyuzi 30 za Sentigredi na hewa hujaa unyevu na chumvi ya bahari. Kompyuta ikikwama siku kama hizo, mwenye duka la intaneti mtaani Langoni au Mkomani hushuku joto kabla ya jambo jingine lolote.

Miongoni mwa dawa anazouziwa ni kumbukumbu ya RAM iliyovishwa bamba la alumini, ambayo kwa kawaida huwa ghali kuliko ile tupu. Kwa mtu anayeagiza vipuri Mombasa na kuvivusha kwa mashua kutoka Mokowe, tofauti hiyo ya bei si jambo dogo. Je, bamba hilo hupoza kweli?

Jibu ni kwamba husaidia kidogo, na kwa kompyuta nyingi za kawaida halihitajiki.

Kipande cha RAM hubeba chipu kadhaa. Umeme unaopita humo hugeuka joto, na chipu inayofanya kazi zaidi hupata moto kuliko wenzake. Bamba, likiwa limegandishwa sawasawa, hulichukua joto la chipu hiyo na kulitandaza. Wapwani wanaijua kanuni hii: chai ya moto ikimiminwa kwenye kisahani hupoa upesi, kwani hewa huigusa mahali pengi. Lakini kifunike kisahani hicho, na chai itabaki moto.

Bamba nalo ni vivyo hivyo. Likizungukwa na hewa iliyotuama, halina pa kulipeleka joto. Wala haliwezi kuifanya kumbukumbu iwe baridi kuliko hewa iliyomo ndani ya kasha la kompyuta.

Aidha, joto lenyewe si kubwa. Kipande kimoja cha RAM hutumia wati chache tu, ilhali prosesa ya kompyuta ya mezani huweza kutumia wati 65 au zaidi. Kumbukumbu za DDR3 zilitumia volti 1.5, zile za DDR4 zilishuka hadi volti 1.2.

Chipu hizo huhifadhi taarifa kwa chaji za umeme ambazo huvuja, na joto huzidisha uvujaji. Ndiyo maana chaji huhuishwa kila baada ya milisekunde 64, na chipu ikipita nyuzi 85 muda huo hupunguzwa hadi 32. Kompyuta yenye feni nzima, inayotumiwa kuandika barua au kuomba huduma za eCitizen, haitarajiwi kuufikia mpaka huo hata chumba kikiwa na nyuzi 32.

Hata hivyo, mabamba hayakuanza kama pambo. Kumbukumbu za Rambus, zilizotumika katika kompyuta za Pentium 4 mwaka 2000, ziliyahitaji kwa sababu chipu moja iliweza kubeba kazi huku nyingine zimetulia. Leo, kumbukumbu za DDR5, ambazo kanuni zake zilitangazwa mwaka 2020, zina kidhibiti cha umeme juu ya kipande chenyewe, nacho huongeza joto. Kwa wanaohariri video saa nyingi au kuendesha seva, bamba lina manufaa. Lakini lililo refu mno huweza kugongana na kipozaji cha prosesa.

Lamu ina somo lake la kale kuhusu jambo hili. Nyumba za mawe za mji huo, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia, hazitegemei kuta nene pekee. Zina kiwanda, ua ulio wazi juu, ambapo hewa ya moto hupanda na kutoka. Kasha la kompyuta nalo lahitaji njia ya kuingizia hewa na njia ya kuitolea.

Kwa hivyo, kabla ya kununua bamba, inafaa kasha lisogezwe mbali na ukuta, vumbi liondolewe kwa brashi kavu umeme ukiwa umezimwa, na feni iliyochoka ibadilishwe. Kompyuta isiwekwe penye dirisha linalopokea upepo wa bahari moja kwa moja, kwa kuwa chumvi na unyevu hula metali. Kipakatalishi kisitumiwe juu ya godoro, ambalo huziba matundu yake.

Kompyuta ikiendelea kukwama baada ya hayo, Windows ina programu yake ya kupima kumbukumbu. Ikionyesha hitilafu, kipande hicho ni kibovu na bamba halitakiponya. Isipoonyesha, huenda tatizo likawa ni uhaba wa kumbukumbu, na hapo fedha za bamba ni heri ziongezwe kununua RAM tupu yenye ukubwa zaidi.