Binti Anaposema Profesa Amempa Kazi

Kila likizo ya vyuo inapokaribia, nyumba nyingi za kwetu hupokea simu zinazofanana. Binti aliyeko Nairobi, Juja au Eldoret anaomba asirudi nyumbani mara moja. Mwalimu wake ana mradi, naye amechaguliwa pamoja na wenzake wawili watatu wamsaidie kuchora, kuunganisha nyaya au kuandika programu ya kompyuta. Baba hunyamaza. Mama huuliza maswali ambayo ni haki yake kuyauliza: ni kazi gani hiyo? Utalala wapi, na nani? Utalipwa? Na kwa nini mwalimu anayepokea mshahara afanyiwe kazi na mwanafunzi anayelipa karo?

Maswali hayo hatuyadharau, na tutayarudia. Lakini kabla ya kumwambia binti apande basi arudi, tunaona ni vyema wazazi wafahamu kazi yenyewe ni nini, maana huenda likizo hiyo ikamfunza zaidi ya muhula mzima wa mihadhara.

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa asili ya jambo hili. Katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, hakuna aliyejifunza kuunda jahazi kwa kusoma kitabu. Mwanagenzi huanza kwa kumshikia fundi ubao, kisha hupewa kutia kalafati, na mwishowe hukabidhiwa tezo. Wazee wetu waliliona hilo pia walipounga mkono kuanzishwa kwa taasisi ya ufundi ya vijana wa Kiislamu mjini Mombasa, ambayo miongoni mwa wachangiaji wake walikuwa Aga Khan na Sultani wa Zanzibar. Ilipokea wanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ndiyo iliyokua hata ikawa, mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wengi hupita langoni pake Tudor bila ya kukumbuka chimbuko hilo.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa makini. Mwaka 1999, maprofesa wawili wa Marekani, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, walikuwa na shida ya kawaida ya walimu. Walitaka wanafunzi wao waunde setilaiti, lakini setilaiti za wakati ule zilikuwa kubwa, za gharama isiyosemeka, na zilichukua miaka mingi kukamilika. Mwanafunzi angehitimu kabla chombo hakijaruka. Wakabuni kipimo kipya: mche mraba wa sentimita 10 kila upande, wenye uzito wa kilo moja hivi, ambao mwanafunzi angeweza kuusanifu, kuuunda, kuujaribu na kuuendesha angali chuoni. Mnamo 2003 miche ya kwanza ilirushwa, ikiwemo iliyoundwa na wanafunzi wa Japani, Denmark na Kanada. Mmoja wao, wa Chuo Kikuu cha Tokyo, uliendelea kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 15.

Ndani ya kisanduku hicho mna kazi za kila namna. Yuko anayekokotoa nguvu ya betri na paneli za jua, anayechora bodi ya saketi, anayeunda antena itakayojikunjua yenyewe, na anayeandika programu ambayo ikikosea huko juu hapana fundi wa kwenda kuirekebisha. Profesa mmoja hawezi kuyafanya yote hayo. Anawahitaji vijana, nao wanamhitaji yeye. Kwa hivyo huo si utumwa, japokuwa, kama tutakavyoona, unaweza kugeuka ukawa.

Kipimo hichohicho ndicho kilichoifikisha Kenya angani. Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, iliachiliwa kutoka sehemu ya Kijapani ya kituo cha kimataifa cha anga. Ilikuwa ya kwanza kupelekwa kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani wa kuvisaidia vyuo vya nchi zinazoendelea. Miaka mitano baadaye, Aprili 2023, ikarushwa Taifa-1, setilaiti ya taifa ya kuchunguza ardhi.

Urafiki huo na Roma ulianzia kwetu. Profesa Luigi Broglio wa chuo hicho ndiye aliyesimamia jukwaa la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ambalo setilaiti zilirushwa kutoka hapo kuanzia 1967. Tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Aliyesimamia mradi wake upande wa Marekani alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na jina hilo la Kiswahili lilikuwa pendekezo lake. Tunalitaja hili kwa ajili ya mabinti wa Malindi na Ngomeni ambao huenda hawakuambiwa.

Sasa turudi kwenye maswali ya mama, hasa lile la malipo, kwani malipo si fedha peke yake. Kofia ya kiua inayovaliwa Idi huwa na matundu madogo yaliyoshonwa kwa sindano siku nyingi, na mvaaji husifiwa msikitini. Jina la mama aliyeishona halitajwi. Chuoni nako hutokea hivyo.

Jocelyn Bell, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, alikatazwa sayansi karibu angali mdogo: shuleni kwake wasichana walipelekwa kwenye darasa la upishi, wavulana maabara, mpaka wazazi wake na wazazi wengine walipolalamika. Mwaka 1965 alijiunga na Cambridge chini ya mwalimu wake Antony Hewish, akatumia miaka miwili pamoja na wenzake kujenga darubini ya redio shambani. Ilikuwa na miti zaidi ya 1,000 iliyosimikwa kwa nyundo na nyaya za takriban kilomita 190. Ilipoanza kazi mwaka 1967, yeye ndiye aliyesoma karatasi zake kwa macho, mita 30 hivi kila siku. Humo akaona alama ndogo isiyofanana na nyingine. Zilikuwa ishara za redio zilizojirudia kila baada ya sekunde moja na theluthi, zikitoka kwenye aina ya nyota ambayo haikuwahi kujulikana.

Makala ya kuutangaza ugunduzi huo ilikuwa na jina lake, la pili baada ya la mwalimu. Lakini Tuzo ya Nobel ya 1974 alipewa Hewish pamoja na Martin Ryle. Mwenyewe hakulalama hadharani. Sisi twaona alistahili kutajwa. Mwaka 2018 alipotunukiwa dola milioni 3, alizitoa zote kuwasomesha wanafunzi wa fizikia kutoka jamii zisizo na uwakilishi wa kutosha, wakiwemo wanawake na wakimbizi.

Basi simu ikija, mzazi aulize mambo yanayojibika. Je, mwalimu ametoa barua inayoeleza kazi, muda wake na posho, kama ipo? Hosteli zitakuwa wazi likizoni, na mabinti wenzake wako wangapi? Maabara ina nafasi ya kuswali Adhuhuri na Alasiri? Na jina lake litaandikwa wapi: kwenye ripoti, kwenye michoro, kwenye makala? Mwalimu muungwana hatachukizwa na hata moja kati ya hayo.

Kisha, akishaanza, muulize kila wiki amefanya nini. Aliyewekwa kuchapa barua na kubeba viti atamaliza maelezo yake kwa sentensi moja, naye ni heri arudi nyumbani. Aliyepewa kazi ya kweli atakueleza kuhusu saketi yake iliyoungua jana, na kwa nini anadhani iliungua, mpaka salio la simu liishe.