Mpira wa Kikapu Shuleni (3): Watu 11, Mpira Mmoja

Juma lililopita tulizungumzia pasi ya kifuani. Leo tunaingia kwenye mbio, na hapo ndipo ninapotofautiana na walimu wengi wa michezo. Mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, yakikaribia, wachezaji hukimbizwa mchakamchaka alfajiri, kisha mwalimu anaridhika kwamba timu ina pumzi. Ina pumzi ya mchakamchaka. Uwanja wa kikapu una urefu wa mita 28 tu. Mchezaji anatimka, anasimama ghafla, anageuka, anatimka tena, na huku anahema lazima aamue mpira ampe nani.

Zoezi linalofundisha yote mawili ni la watu 11. Linataka mpira mmoja, jambo la maana kwa shule ya Tandala kule Makete au kokote ambako mipira ni ya kuhesabu. Watatu wanashambulia ringi, wawili wanailinda. Wengine wawili wamesimama pembeni, mmoja kila upande, usawa wa mstari wa mtupo huru. Kwenye ringi ya pili wapo wanne waliojipanga vivyo hivyo: walinzi wawili, wa pembeni wawili. Mpira ukiingia au ukigonga ubao ukarudi, yeyote kati ya wale watano atakayeudaka anampasia wa pembeni. Mdakaji huyo na wa pembeni wote wawili wanatimka kushambulia upande wa pili. Wanne waliobaki wanagawana nafasi: walinzi wawili, wa pembeni wawili. Hakuna foleni.

Utamu wote uko kwenye watatu dhidi ya wawili. Mwenye mpira apite katikati, asimame kwenye mstari wa mtupo huru. Wenzake wakimbie karibu na mstari wa nje, ndipo wakate kuingia ndani. Mlinzi wa mbele akimfuata mwenye mpira, pasi iende pembeni papo hapo. Wa nyuma akitoka kuizuia, mshambuliaji wa upande wa pili yuko peke yake. Yuko peke yake kwa kitambo tu, maana yule mlinzi wa mbele anarudi mbio kuziba. Anayedundadunda mpira huku akitafakari ameshachelewa.

Kocha Mmarekani John McLendon, aliyefundwa chuoni Kansas na James Naismith mwenyewe, mwasisi wa mchezo huu, alijenga timu zake juu ya mashambulizi ya kasi kama haya. Mwaka 1944 vijana wake weusi wa chuo kimoja cha North Carolina walicheza kwa siri na timu ya Wazungu, wanafunzi wa udaktari wa chuo cha Duke, wakaibuka na ushindi wa 88 kwa 44.

Kwa Makete nina tahadhari. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takribani moja ya tano kuliko Dar es Salaam, hivyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Mwenyeji amezoea; mwanafunzi aliyehamia kutoka pwani bado. Anzeni na dakika 3, pumzikeni, rudieni. Juni na Julai, baridi inapouma, pasheni misuli kwanza. Chokaa ikikosekana, majivu yanatosha kuchora mistari. Na mchezaji akianza kupasia mahali pasipo na mtu, mwalimu, simamisha zoezi: huyo amechoka, hajifunzi tena.

Juma lijalo: namna mlinzi mmoja anavyowachelewesha washambuliaji watatu.