Maniema: Kati ya Kasongo na Kabambare, mguu wa nje ndio unaobeba pikipiki kwenye kona

Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi barabara ya udongo inayotoka Kasongo kwenda Kabambare inateleza kama sabuni. Hapo wamotari wengi hufanya kosa moja: wakifika kwenye kona wanatoa mguu wa ndani na kuuburuza chini, wakidhani utawazuia wasianguke.

Mguu huo hauzuii kitu. Pikipiki yenye abiria na bidoni mbili za mawese ni nzito kuliko kifundo cha mtu yeyote. Kisigino kikinasa kwenye mfereji uliochimbwa na malori, mwili unaendelea mbele, mguu unabaki, na mfupa unavunjika. Kwa baba anayelisha watoto kwa safari za Namoya na Salamabila, hiyo ni miezi bila kazi, huku mwenye pikipiki akingoja fedha zake.

Kona ya kulia ndiyo mbaya zaidi. Breki ya nyuma inakanyagwa kwa mguu wa kulia. Ukiutoa, unabaki na breki ya mbele tu, na kwenye tope ukiikamata ghafla, gurudumu la mbele ndilo linalokimbia kwanza.

Punguza mwendo kabla ya kona, si ukiwa tayari ndani yake. Miguu yote miwili ikae mahali pake, magoti yabane tangi. Kisha kandamiza kwa mguu wa nje: ukikata kushoto, mguu wa kulia, ukikata kulia, mguu wa kushoto. Acha pikipiki iiname kidogo, lakini mwili wako ubaki wima, uzito uwe juu ya magurudumu.

Ajabu ni kwamba wanaoteleza kwenye theluji kwa ski hufundishwa vivyo hivyo: kwenye kona, mguu wa nje ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito. Ndio mchezo wa Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliyeshindana katika Olimpiki ya 2018 huko Korea Kusini.

Yeye lakini habebi abiria. Huku kwetu anayekaa nyuma akijivuta upande wa pili kwa woga, anaharibu kazi yote ya dereva. Atulie, afuate mwili wa aliye mbele, asitoe mguu. Bidoni zifungwe chini, moja kila upande. Na pale tope linapomeza nusu ya gurudumu, abiria ashuke atembee, hata kama amekwisha kulipa.