Kulisha na Kula: Tiba ya Mtoto Akataaye Chakula

Katika Kiswahili, kitenzi kula huzaa kulisha, na kunywa huzaa kunywesha. Kiambishi kilichoongezwa huonyesha kwamba mtenda sasa ni mwingine: mama hulisha, mtoto hulishwa. Aghalabu shida ya mtoto akataaye chakula hukua papo hapo, pale tendo lake mwenyewe linapochukuliwa na mkubwa.

Kukataa huweza kuwa tabia iliyofunzwa. Mtoto aliyepaliwa, au aliyezibwa pua ili ameze uji, hukiogopa kijiko. Akigeuza uso, kijiko huondolewa na hofu hutulia. Kesho yake hugeuza uso mapema zaidi. Mwingine kila akataapo hubembelezwa na kupewa biskuti. Basi kukataa kwamletea faida.

Tiba ya tabia huanza kwa daktari, naye huchunguza kinywa, koo na tumbo, kwa maana mtoto mwenye maumivu si mkaidi. Kisha milo huwekewa saa zake, wala hapewi vitamu katikati, ili aje na njaa. Mtoto anayekonda hafanyiwi hivyo ila kwa usimamizi wa daktari. Chakula kigeni huletwa kidogo kidogo, mara kumi au zaidi, mpaka ulimi ukizoee. Kikombe hushikwa kitupu kwanza, kisha hutiwa tone la maji, hatimaye funda. Ajaribupo husifiwa mara moja. Akataapo hakemewi wala habembelezwi. Baada ya nusu saa mlo hukoma.

Huko Marekani, mwaka 1926, daktari Clara Davis alianza kuwaacha watoto waliotoka kuachishwa ziwa wajichagulie chakula. Muuguzi hakuruhusiwa kushawishi. Alijaza kijiko pale tu mtoto aliponyosha mkono au kuonyesha anachotaka. Katika taarifa yake ya mwaka 1939, Davis alieleza kwamba watoto wote 15 walistawi. Jaribio hilo halikuwa tiba, na vyakula vyote vilivyowekwa mbele yao vilikuwa vya asili na vyenye kufaa. Lakini lilionyesha mpaka wa kazi: mkubwa huchagua chakula na saa yake, mtoto huchagua kiasi.

Kwa hiyo tiba hiyo yaweza kuelezwa kwa vitenzi viwili tu: kulisha kupungue hatua kwa hatua, hata kubaki kula.